Sahani Niliyoletewa Kabla ya Wageni

Nilikuwa nimelala chali sakafuni, macho yamefunguka nusu, nikamsikia mwanangu wa kumzaa akisema:

"Afadhali limemkuta yeye hapa, kuliko kule mezani."

Nilitaka kumwita. Ulimi haukusogea.

Nilitaka kuinua hata kidole kimoja ajue kuwa namsikia. Kidole kilikataa.

Ilikuwa mchana kweupe, wanangu. Jua lilikuwa linaingia dirishani na nilihisi joto lake kwenye shavu. Nje watoto wa jirani walikuwa wanagombania mpira. Na mimi nilikuwa naondoka duniani hivi hivi, nikisikia kila kitu.

"Amekufa?" Hiyo ilikuwa sauti ya mkwe wangu.

"Sijui. Funga mlango kwanza."

"Nifunge mlango? Huyu ni mama yako."

"Nimesema funga. Wageni wanafika saa nane. Nenda jikoni, samaki wote uwatie kwenye mfuko, ufunge mara mbili. Mwambie Mama Pacha asiguse kitu bila glavu. Wageni tutawapa nyama."

"Na Mama?"

Nikamsikia anavuta pumzi.

"Tukiita gari la wagonjwa, kitu cha kwanza wataniuliza alikula nini."

Hilo ndilo lilikuwa jibu lake...

Wapendwa wangu mnaosoma hapa, mimi ni bibi wa watu. Sijasoma sana, na huandika polepole. Lakini jambo hili nimelikalia hadi limenichosha, na leo nalisema lote kwa mara moja, kwa sababu kuna mtu mmoja ambaye ni lazima limfikie. Nitamtaja mwishoni.

Nianze na mwanangu.

Watu wote humwita Shefu. Alikwenda nchi za mbali akajifunza upishi wa matajiri, akarudi, akafungua nyumba ya chakula. Si hoteli ya kupita mtu na kuagiza chai. Ni nyumba yenye meza moja ndefu, vitambaa vyeupe, na wageni wanaopokewa kwa miadi tu. Mimi nilikuwa nakaa chumba cha nyuma, karibu na stoo.

Vitu vilivyokuwa vinapita kwenye stoo ile, wanangu, msiniulize.

Kulikuwa na mayai meusi ya samaki, madogo kama mbegu za mchicha, yaliyokuja kwenye kopo lililozungushiwa barafu kama dawa. Kulikuwa na zafarani iliyofungiwa kabatini, na ufunguo anauvaa yeye shingoni. Kulikuwa na uyoga unaoota chini ya ardhi, mweusi, mbaya wa sura, ambao hutafutwa kwa mbwa wa kunusa. Kulikuwa na viota vya ndege anayejenga kwa mate yake. Watu wanachemsha yale mate, wanakunywa, wanafumba macho kwa utamu.

Halafu ile kahawa! Inaliwa kwanza na ngawa, yule mnyama wa porini anayefanana na paka, ikitoka kwa ngawa inaokotwa, inaoshwa, inakaangwa.

Nilimwuliza mwanangu, "Sasa yule aliyeiokota siku ya kwanza, alikuwa anatafuta nini pale?"

Alicheka hadi akaegemea ukuta. Alikuwa na kicheko kizuri, mwanangu. Nawaambia hili ili mjue kuwa simchukii.

Lakini kilicholeta matajiri hasa hakikuwa kahawa wala uyoga.

Ni samaki. Bunju.

Bunju ni yule samaki anayevimba kama mpira ukimshika. Ana sumu. Ini lina sumu, mayai yana sumu, na kisu kikiteleza kidogo tu, nyama nayo inaharibika. Watu wa kawaida wakimpata wavuni wanamtupa. Matajiri wanamtaka kwa sababu hiyo hiyo. Wanakula kwa hofu, na ile hofu ndiyo kiungo chenyewe.

Kule alikojifunza mwanangu, fundi wake alimfundisha sharti moja. Aliyeshika kisu ndiye anayekula kwanza. Anakula, anasubiri, na akiwa bado amesimama kwa miguu yake, ndipo wageni wanapewa.

Mwanangu alilifanya sharti lile kuwa pambo la meza yake. Kabla bunju hajaletwa, aliweka sahani tupu mbele ya wageni na kuwaambia, "Cha kwanza kimeshaliwa, na mlaji ni mzima." Wageni wakapiga makofi.

Sikuwahi kuingia ukumbini. Mambo ya ukumbini nilikuja kuyajua baadaye.

Nilichokijua mimi ni hiki. Kila siku ya bunju, kabla ya mchana, mwanangu alikuja chumbani kwangu na sahani. Vipande vyembamba, unaona hadi maua ya sahani chini yake, vimepangwa kama petali za ua.

"Mama, nimekuletea wewe kwanza, kabla ya wageni."

"Mimi wa kwanza, mwanangu? Mbele ya watu wakubwa hao?"

"Nani mkubwa kuliko wewe?"

Nilikula mbele yake. Samaki mwenyewe hana ladha ya kusimulia. Lakini nilikula yote, na yeye alikaa pembeni kunisubiri. Aliniuliza habari za magoti yangu. Aliniuliza kama nalala vizuri. Alinitazama mdomoni ninavyotafuna, nami nikadhani ni mapenzi...

Jirani yangu wa zamani akinipigia simu, nilimsimulia. "Huyu wangu hanywi hata maji kabla hajanikumbuka."

Basi siku ile midomo ikaanza kunichezacheza. Kama wadudu wanatembea. Nikadhani ni pilipili. Halafu ulimi ukawa mzito. Nikasimama nifuate maji, miguu ikaniacha, nikaanguka.

Sumu ya samaki huyu haikulazi usingizi, wanangu. Inafunga mwili, akili inabaki wazi. Unasikia kila neno. Kifua nacho kinachoka kidogo kidogo. Unavuta hewa, haiji.

Ndipo niliposikia yale maneno.

Na ndipo niliposikia magoti ya mtu yanatua sakafuni kando yangu.

Mkwe wangu alikuwa muuguzi kabla ya kuolewa. Mwanangu ndiye aliyemwachisha kazi ili aje kupokea wageni. Nilihisi vidole vyake vinanibana pua. Vilinukia vitunguu. Halafu pumzi yake ikaingia ndani ya kifua changu, ya moto, yenye tangawizi.

"Unafanya nini?" mwanangu akauliza.

"Napumua badala yake." Akapuliza tena. "Leta gari."

"Ngoja tufikirie..."

"Leta gari, au nafungua dirisha hili napiga ukunga mtaa mzima uje."

Akaleta gari.

Njia nzima hakuacha kunipulizia. Gari lilipita kwenye mashimo, meno yake yakagonga midomo yangu, akatokwa na damu, hakuacha. Hata mwanangu wa kumzaa sijawahi kumpa pumzi kwa namna ile. Mungu amuweke.

Hospitali waliniunga kwenye mashine ya kupumulia. Madaktari walisema sumu ikipita yenyewe, mwili unarudi. Na kweli ulirudi. Kwanza kope, halafu vidole vya miguu, sauti ikaja mwisho kabisa.

Kabla sauti haijarudi nilimsikia mwanangu akimweleza daktari pembeni ya kitanda.

"Aliingia jikoni mwenyewe, daktari. Amechukua kwenye ndoo ya mabaki. Mama siku hizi anapotewa. Anasahau, anaokota vitu, anasema mambo yasiyokuwepo."

"Pole sana," daktari akasema. "Ni umri. Mfunge jikoni, asiingie tena."

Nikaandikwa hivyo. Bibi aliyepotewa na akili, aliyeiba mabaki kwenye ndoo.

Mmeona alivyonifunga? Mara ya kwanza alinifunga mwili. Mara ya pili alinifunga mdomo. Hata ningesema nini, tayari mimi ni kichaa.

Nilipoweza kuongea akaja na maua, akanishika mkono, akalia.

"Unakumbuka chochote, Mama?"

Nilimtazama. Machozi yalikuwa ya kweli.

"Sikumbuki kitu, mwanangu," nikamwambia.

Akashusha pumzi. Mabega yakashuka.

Msinilaumu. Nilikuwa nataka kujua atafanya nini mtu akiamini hakuna aliyemwona.

Nilirudi nyumbani. Wakafunga mlango wa jikoni unaotoka upande wangu. Mkwe wangu alikuja kunisugua miguu kwa mafuta, na siku hiyo nikamwuliza.

"Mkwe, ulikuwa unajua naletewa nini?"

"Nilijua unaletewa samaki, Mama. Aliniambia anaonja yeye kwanza jikoni, halafu anakutengea wewe kwa heshima. Nikasema, mwanamume anayemjali mama yake hivi, sina cha kuogopa." Akafuta macho kwa kiganja chenye mafuta. "Ameniapia hatagusa tena bunju."

"Na ukiona amegusa?"

"Nitaondoka na watoto."

Haukupita muda mrefu, nikaanza kusikia ndoo za barafu zinashushwa tena.

Mwanangu aliponiletea uji nikamwuliza kwa upole, "Mwanangu, siku hizi anaonja nani?"

"Kuonja nini, Mama?"

"Bunju."

Akamgeukia mke wake aliyekuwa mlangoni, akatabasamu kwa huzuni. "Unaona? Ndiyo hivyo ameanza." Akanifunika shuka vizuri hadi kifuani. "Bunju hatuna, Mama. Wale ni samaki wa kawaida. Pumzika."

Mkwe wangu akamwamini. Alitaka sana kumwamini; hata ile sahani tupu ya mezani aliambiwa imebaki pambo tu.

Sasa nikwambieni kuhusu Mama Pacha.

Mama Pacha ndiye aliyekuwa anaosha vyombo. Mwanamke mcheshi, mwembamba, mwenye watoto mapacha wachanga aliowaacha kwa dada yake kila asubuhi. Sinki lake lilikuwa upande wa uani, mbele ya dirisha langu. Nilipokuwa mgonjwa alinipitishia chai dirishani kwa siri, kwa sababu aliona ya ndani inakuja imepoa. Sikumwomba. Aliona tu.

Siku moja nikamwona amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, anakula kitu kwenye sahani yenye maua. Vipande vyembamba.

Nikasogea dirishani.

"Mama Pacha, hicho nani kakupa?"

"Bosi mwenyewe, bibi." Alikuwa anang'aa. "Bosi amebadilika, nakwambia. Zamani hata salamu ilikuwa shida. Siku hizi ananitengea chakula cha wageni, tena kabla yao. Ananiuliza na watoto. Poa kabisa."

"Tema."

"Nini?"

"Tema, mwanangu. Hicho ndicho kilichotaka kuniua mimi."

Akanitazama kwa huruma. Huruma ile iliniuma kuliko matusi.

"Bibi, wewe ulikula za kwenye ndoo. Bosi alitwambia. Hizi ni safi." Akamalizia kipande, akalamba kidole. "Usijali. Nenda ukapumzike, nitakuletea chai."

Sikulala mchana ule. Nilikaa dirishani naitazama midomo yake. Alikuwa anaimba huku anaosha. Hakuanguka. Siku ile kisu hakikuteleza.

Lakini kitateleza, wanangu. Kwangu hakikuteleza mara nyingi, halafu siku moja kikateleza.

Nikamwambia mkwe. Akamwuliza mume wake. Mume akasema ni samaki wa kawaida, mpeni bibi dawa zake. Nikawa napigwa danadana humo ndani ya nyumba, na siku ya wageni inakaribia.

Ikafika.

Niliwaona wakishuka kwenye magari, wamevaa vizuri, wanacheka. Nikamwona mwanangu akitoka jikoni na sahani ya maua, akaiweka juu ya kaunta ya sinki, akamwambia Mama Pacha, "Kula kwanza, kazi utaendelea baadaye." Akarudi ndani.

Mama Pacha alikuwa na povu hadi viwikoni. Akaanza kunawa.

Nilitoka. Sijui magoti yalipata wapi nguvu. Nikaichukua sahani.

"Bibi, hiyo yangu."

"Leo niachie mimi."

"Bibi jamani, sijala tangu asubuhi."

"Najua."

Nikaenda nayo. Akanifuata nyuma, anajifuta mikono, ananisihi kwa sauti ya chini asije akasikika. "Bibi, nirudishie, bosi atanifukuza."

Nikafungua mlango wa ukumbi.

Harufu ya zafarani ilinipokea. Meza ndefu, glasi zinametameta, mayai meusi juu ya barafu katikati. Mwanangu alikuwa amesimama kichwani mwa meza, koti jeupe, anasimulia jambo na wageni wanacheka. Mkwe wangu alikuwa anamimina vinywaji.

Nikaiweka sahani mbele yao. Imejaa.

"Samahani wageni. Mimi ni mama yake."

Mzee mmoja mwenye miwani ya dhahabu aliinuka haraka, akanivutia kiti. "Karibu, mama. Karibu ukae." Mtu wa adabu sana. Nikakaa.

"Mama hajisikii vizuri," mwanangu akasema. "Nimewaeleza, amekuwa akipotewa..."

"Sahani hii huwa mnaletewa tupu," nikawaambia. "Leo nimeileta kabla haijaliwa. Namwomba mwanangu aonje hapa mnapomwona."

"Mama, twende chumbani."

"Sijapotewa, mwanangu. Siku ile uliposema afadhali limenikuta mimi kuliko mezani, nilikuwa nasikia."

Uso wake ukabadilika rangi. Hapo ndipo alipojua.

Mkwe wangu akaweka chupa mezani taratibu.

Nami nikageukia wageni. Niliwasubiri wasimame. Nilisubiri mtu apige meza, aulize huyu ni mtu gani, aite polisi. Kwa akili yangu, nilikuwa nimeshamwokoa Mama Pacha.

Mama mmoja mwenye lulu shingoni alifuta midomo yake kwa kitambaa.

"Kwani nyie mlidhani anaonja yeye?"

Watu wakacheka kidogo.

Nilidhani sikusikia vizuri.

Yule mzee mwenye miwani akaniinamia, akaniambia kwa upole, kama anayemweleza mtoto. "Mama, tuwe wakweli. Mkono wenye kisu ni mmoja tu. Huyu akianguka, nani atatuandalia? Lazima awepo mtu mwingine. Hatukuwahi kuuliza ni nani, hayo ni mambo ya jikoni." Akaweka kiganja kifuani. "Kumbe ulikuwa wewe. Basi asante sana, mama. Tumekula salama kwa ajili yako."

Alimaanisha. Alinishukuru kwa moyo wake wote.

Maisha yangu yote mimi ni mtu wa kukumbuka wema. Aliyenipisha kwenye foleni nitamkumbuka. Lakini shukrani ile, wanangu... nilihisi baridi hadi kwenye kucha.

Walikuwa wanajua. Wote.

"Na sasa ni nani?" yule mama wa lulu akauliza. "Maana samaki akikaa anaharibika."

Macho ya mwanangu yakaenda mlangoni yenyewe. Na watu wote wakageuka kutazama anakotazama.

Mama Pacha alikuwa amesimama pale, aproni imelowa, povu likimdondoka kwenye vidole.

"Mimi?" akasema. "Bosi... ni mimi?"

Mwanangu akainamia meza.

"Bosi, mimi nanyonyesha."

Mtu mmoja alichukua kijiko, akachota mayai meusi, akala.

Mama Pacha akavua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya kiti. Akaja hadi nilipokaa, akanishika bega.

"Bibi, nisamehe. Nilikuona umechanganyikiwa."

"Nenda kwa watoto," nikamwambia.

Akaenda.

Mlango ulipofungwa, mtu mmoja wa upande wa mwisho akasema kwa utani, "Basi bibi aonje tu, si ameshazoea?"

Wakacheka.

Mwanangu hakucheka.

Alichukua ile sahani. Akaja nayo. Akapiga magoti mbele yangu na koti lake jeupe, uso wake ukawa sawasawa na wangu.

"Mama," akanong'ona. "Leo nimemsafisha vizuri. Naapa. Kipande kimoja tu. Hawa wakiondoka na njaa, mimi nimekwisha."

Nawaambieni ukweli, siku ile ya sakafuni haikuwa mbaya hivyo. Siku ile angalau alikuwa haniangalii machoni.

"Kwa nini uliacha kuonja mwenyewe?" nikamwuliza.

"Nilipata ganzi mara moja. Mdomoni. Niliogopa, Mama."

"Ukaniletea mimi."

Akaisogeza sahani karibu yangu.

"Nitakula," nikamwambia.

"Mama, usithubutu," mkwe wangu akasema kutoka upande wa pili.

"Nitakula. Ila anza wewe."

Nikachukua kipande kwa vidole vyangu. Nikakipeleka mdomoni mwake, taratibu, mkono mwingine chini ya kidevu, kama nilivyomlisha alipokuwa anaachishwa ziwa na anakataa kila kitu.

Alikitazama kile kipande. Midomo yake ikakaza. Machozi yakamjaa.

"Nina watoto, Mama."

"Na mimi nina mmoja," nikasema.

Mkono wangu ukabaki pale hewani. Nilimpa muda. Nilitaka afungue mdomo, au aitupe ile sahani mwenyewe. Chochote kati ya hayo mawili, ningerudi chumbani kwangu nikamsamehe.

Hakufanya hata kimoja.

Mkwe wangu alizunguka meza, akaichukua sahani mikononi mwake, akaimwaga yote ndani ya ndoo ya barafu ya vinywaji. Halafu akaniinua.

"Twende, Mama. Watoto wako shule, tunawapitia."

Wakati tunatoka, nilimsikia yule mzee mwenye adabu akisema nyuma yetu, "Basi, Shefu, tuletee ile kahawa ya ngawa. Tusiharibu siku."

Na mwanangu akajibu, "Sawa, mheshimiwa."

Hiyo ndiyo sauti yake ya mwisho niliyoisikia.

Sasa tunakaa vyumba viwili vya kupanga, mimi, mkwe wangu na wajukuu. Amerudi kwenye uuguzi. Mama Pacha amepata kazi ya kufua, huja na mapacha wake, mmoja namshika mimi, mmoja anashikwa na mjukuu wangu.

Nilikwenda kushtaki. Ofisa alinisikiliza vizuri, hata akanipa maji ya kunywa. Akaniuliza, "Kuna aliyekufa?"

"Bado."

"Basi, bibi, kwa sasa hakuna kesi. Na hizi karatasi za hospitali zinasema uliokota mwenyewe."

Nikaenda zangu.

Juzi muuza mboga anayepeleka mzigo kule amemwambia mkwe wangu kuwa ndoo za barafu zimeanza kushushwa tena. Nyumba imejaa miadi. Na kuna mfanyakazi mpya wa usafi. Muuza mboga hajui jina lake. Anachojua ni kwamba mtu huyo anamsifu sana bosi, anasema hajawahi kupata mwajiri mkarimu vile.

Huyo ndiye niliyesema kuwa ni lazima limfikie.

Mwanangu, sikujui. Sijui kama wewe ni mwanamke au mwanamume, una watoto au huna. Labda hata husomi humu, lakini jirani yako anasoma, akusomee. Chakula kizuri akikuletea mtu asiyekuletea chakula siku zote, usimshukuru kwanza. Mvutie kiti. Mwambie, kaa tule. Asipokaa, usile. Usione haya kuonekana huna adabu, mimi nilikuwa na adabu na ilinilaza sakafuni.

Na kama umeshakula, na midomo inaanza kukuchezacheza kama wadudu, usiseme ni pilipili. Usimsubiri bosi. Kimbilia barabarani, mbele za watu, upige kelele ukiwa bado una sauti.